Ulimi Uliopima Majivu ya Korongo la Sill

Saa tatu na nusu asubuhi, na Marlys Quade bado hajagusa kitu. Amekalia pipa lililopinduliwa, mashine ya kupuliza upepo imelala miguuni pake, barakoa ameishusha chini ya kidevu. Mbele yake matuta manne ya bangi yamepanda mlima, na pasipofunikwa kwa plastiki hakuna jani lisilo na majivu.

Jua ni jekundu, la kutazamika bila kufumba jicho. Moto uko kilomita arobaini upande wa mashariki, na hii ni wiki yake ya pili.

“Bi Marlys, kwani tunangoja mgeni rasmi?” anauliza Eusebio Tinoco, mwenye zao, akiwa amesimama tuta la pili. “Kama kuna mkubwa anakuja nijulishe mapema, nikavae shati la maana.”

“Tunangoja umande ukauke, mdomo wewe.”

“Umeshakauka huo!”

“Pitisha kidole.”

Eusebio anapitisha kidole juu ya jani. Kinarudi na tope jembamba la kijivu. Anakitazama, anakifuta kwenye suruali.

“Haya, nenda kakae,” Marlys anamwambia.

Mtu asiyeyajua majivu akiyaona shambani hukimbilia mpira wa maji. Sisi wa Korongo la Sill, huku kaskazini mwa California, tulilipa ada ya kujifunza hilo zamani. Majivu yakilowa huwa maji makali, yaleyale yanayopikiwa sabuni. Huunguza majani, kisha huyagandisha masizi kwenye utomvu wa ua, na utomvu ndio mali yenyewe. Ukishanasa uchafu, hakuna mkono wa kuutoa.

Kwa hiyo kwanza ni upepo. Shina liwe kavu, mpulizaji asimame upande upepo unakotoka, aanze juu ashuke chini, asilisogeze domo la mashine karibu na maua. Kisha, siku ya kuvuna, kila tawi linalokatwa linapita katika mapipa matatu. La kwanza lina dawa ya povu, ile ya kusafishia vidonda, iliyotiwa maji mengi. La pili lina maji ya limau na magadi. La tatu ni maji matupu. Nusu dakika kila pipa, unatikisa, unatundika kivulini.

“Ni kumuogesha mtoto asiyetaka kuoga,” anasema Marlys. “Ukimsugua analia, ukimwacha ananuka.”

Ana miaka sitini na mitatu. Alizaliwa korongoni humu, akaolewa humu, akazika mume humu. Kazi ya majivu huipata kuanzia Agosti mpaka Oktoba, kwa dola mia na tisini kwa siku. Miezi iliyobaki anafua mashuka na kusugua vyoo katika nyumba ya wageni mjini Harlow Fork, kwa ujira usiofika nusu ya huo.

“Mwaka jana mvua ilikuja mapema, hapakuungua hata kichaka,” anasema. “Watu walicheza barabarani. Na mimi nilicheza, usidhani sikucheza. Halafu nikala maharage mpaka Desemba.”

Lakini si mapipa wala mashine ya mgongoni iliyompa Marlys jina korongoni. Ni ulimi wake.

Kuna majivu ya miti na kuna majivu ya nyumba. Ya miti yanaoshwa. Ya nyumba yamebeba rangi za zamani, betri, nyaya, madini ya risasi, na hayo hayaoshwi. Ukiyatia kwenye pipa yanahama tu, kutoka ua moja hadi jingine, mpaka yote yawe machafu. Dawa yake ni kukata mashina yaliyopigwa na kuyazika, na yaliyofunikwa kuyaacha bila kuyagusa na maji. Kwa macho, aina hizo mbili za majivu zinafanana.

Bibi yake Marlys, marehemu Alda, alipika sabuni kwa maji ya majivu maisha yake yote, na ukali wake aliupima kwa ncha ya ulimi. Mjukuu akajifunza jikoni hapo.

“Ya mwaloni yanauma mbele halafu yanateleza,” anaeleza. “Ya msonobari ni machungu, yanakukaba kidogo. Ya nyumba yana utamu. Utamu wa ovyo, huku nyuma kabisa, kama umelamba sarafu. Ukiupata mara moja huusahau.”

Daktari yeyote akisoma hapa atashika kichwa, na ana haki. Lakini majibu ya maabara huchukua siku nne, wakati mwingine sita, na umande hausubiri maabara. Miaka kumi na tisa watu walimletea Marlys majivu kwenye vijiko, kwenye bahasha, kwenye kifuniko cha kopo. Hata mwandishi wa makala haya aliwahi kumpelekea bakuli la majivu yaliyoangukia sukuma wiki yake. Marlys alilamba, akatema, akasema, “Mwaloni huo. Kaipike.” Ikapikwa.

Miaka hiyo yote hakuwahi kukosea. Ndiyo maana asubuhi hii Eusebio, akiwa amechoka kungoja, anasema kile ambacho mtu yeyote wa hapa angesema.

“Basi leo onja tumalize, Bi Marlys. Ukisema mti, kesho naanza kuvuna.”

Marlys anatoa mfukoni chupa ndogo ya kioo na kijiko cha plastiki kilicho kwenye karatasi yake, anapanda tuta la juu, anakwangua majivu kutoka mashina matano tofauti, anafunga, anaandika tarehe kwenye kifuniko.

“Maabara tena?” Eusebio analalamika. “Siku nne hizo! Utomvu utakuwa umeshayameza.”

“Puliza. Umande ukikauka, puliza tena. Lakini usizamishe hata tawi moja mpaka nirudi na karatasi.”

“Zamani ulikuwa unamaliza kwa dakika moja.”

“Zamani ilikuwa zamani.”

Eusebio ni mtu wa mzaha. Kwao Michoacán, ng’ambo ya mpaka, anasema, mtu asiyetaniwa ndiye asiyependwa. Lakini safari hii anaitazama ile chupa, anamtazama mama huyu aliyefanya kazi naye misimu kumi, na utani unamwishia. Anavaa mashine mgongoni na kuiwasha.

Matuta haya manne hayakuchimbwa na Eusebio. Yeye ni mpangaji. Aliyeyachimba kwa sururu, akajenga kuta zake kwa mawe ya mtoni kwa zaidi ya miaka thelathini, ni Dorsey Kallgren, mzee wa miaka sabini na sita ambaye leo anaishi katika chumba kimoja nyuma ya duka la matairi mjini Harlow Fork. Eusebio alikuwa kibarua wake. Na habari ya jinsi Dorsey alivyoshuka mlima, Marlys aliisimulia ndani ya gari la mwandishi, akiwa njiani kupeleka ile chupa, ameibana kati ya magoti.

Ilikuwa Septemba, miaka mitatu iliyopita. Moto ulikuwa nyuma ya mlima, msituni, au ndivyo kila mtu alivyoamini. Minara ya simu ilikuwa imeungua, umeme umekatika, polisi wamefunga barabara. Dorsey alikataa kuhama. Marlys alipita kizuizini kwa kibali cha wafanyakazi wa mashamba, kile kinachotundikwa kwenye kioo cha gari, akapanda korongo peke yake.

Dorsey alikuwa na mashina sitini na mawili. Ishirini na manne yalikuwa kwenye matuta ya juu, wazi. Thelathini na manane yalikuwa chini, yamefunikwa kwa plastiki. Yote yalikuwa yamebakiza siku chache yavunwe, na majivu yalikuwa yakianguka tangu usiku uliotangulia.

“Alinikaribisha mezani kwanza,” anasimulia Marlys. “Dorsey hawezi kukuonyesha shamba kabla hujanywa kitu. Ilikuwa siku ya tano bila umeme, akapika kwa gesi, kahawa na maziwa, kawaida yake. Nikanywa vikombe viwili. Halafu akanyanyuka akaleta kijiko cha majivu, akaniwekea mbele. Akasema, ‘Haya, mkuu wa maabara. Mti au nyumba?’”

Gari lilipita kwenye kona ya mialoni iliyoungua, ambayo bado imesimama myeusi.

“Ulimi wangu ulikuwa umekufa,” akasema. “Tangu Juni. Nilipata homa, wiki mbili, nikapona. Ladha haikurudi, harufu haikurudi. Kila asubuhi nilikuwa nalamba chumvi. Kila asubuhi hakuna kitu. Najiambia, kesho. Sikumwambia mtu. Hata dada yangu.”

“Na kile kijiko?” mwandishi akauliza.

“Nikatia kidole, nikaweka mdomoni. Ilikuwa kama nimelamba ukuta. Nikafumba macho, maana huwa nafumba macho. Nikangoja kidogo, maana huwa nangoja. Nikafanya yote jinsi ninavyofanya siku zote.” Alitazama nje. “Ningesema sijui. Neno moja hilo, lina nini? Lakini yule mzee alikuwa ananikodolea macho, na miaka kumi na tisa watu wananiita wao kwa wao Ulimi, Ulimi. Nikasema, ‘Mwaloni na msonobari kidogo. Osha.’”

Wakavuna, wakaosha. Yeye, Dorsey na Eusebio, siku mbili mfululizo, mapipa yaleyale matatu, matuta ya juu kwanza kisha ya chini, kwa sababu moshi ulikuwa umeingia hadi chini ya plastiki na Dorsey alitaka zao lote litoke bila harufu. Walicheka, wakala tamale za mahindi alizopika mke wa Eusebio wakiwa wamesimama. Jioni ya pili maji ya tangi yaliisha, mashina matatu ya tuta la mwisho kabisa yakabaki bila kuzamishwa. Dorsey akasema hayana neno, yatundikwe hivyohivyo.

Siku ya tatu habari ikapanda mlimani. Usiku ule, kabla Marlys hajafika, upepo ulikuwa umeurusha moto hadi kitongoji cha Dobbin Flat. Nyumba kumi na moja zilikuwa zimeteketea, na karakana moja ya kupaka magari rangi. Watu walikuwa wametoka salama. Majivu ya nyumba hizo ndiyo yaliyopanda korongo.

Hapa sheria haina mchezo. Bangi ni zao lenye leseni, na kila mavuno hupimwa kabla ya kuuzwa. Maabara ilikuta madini ya risasi kwenye kilo tisini na tano za Dorsey, kila gunia. Yale mashina matatu ambayo maji yaliisha kabla ya kuyafikia yalipita bila doa.

“Hayo matatu ndiyo yaliyonimaliza,” anasema Marlys. “Yangekuwa machafu ningesema basi, ni majaliwa. Yalikuwa safi. Yote ya chini yalikuwa safi. Ni mimi niliyeyachafua, kwa mikono yangu, moja baada ya jingine.”

Zao lililokataliwa huharibiwa mbele ya ofisa, ambaye hupiga picha za video. Lilisagwa, likachanganywa na samadi ili mtu asije akaliiba. Siku hiyo Dorsey mwenyewe ndiye aliyeshika koleo. Alifukia mavuno ya mwaka, na pamoja nayo tumaini la kubaki juu, maana mwaka wa nyuma yake ulikuwa mbovu vilevile. Majira ya kuchipua yalipofika, kiwanja kilikuwa na mnunuzi kutoka mjini.

Kilichomchoma Marlys zaidi ni kwamba Dorsey hakumlaumu. Dukani, kanisani, kwenye foleni ya gesi, kila aliyeuliza aliambiwa neno moja: “Marlys hakukosea. Upepo ndio uliogeuka.” Watu wakaamini, na ulimi ukabaki na heshima yake. Marlys akawa anakwepa barabara ya duka la matairi.

Msimu uliofuata alitangaza kwamba haonji tena. Anakuja na chupa au haji. Mashamba kumi na manne yaliyokuwa yakimwita yamebaki matano. Wengine walimuona amezeeka, wengine amejiona. Hakuwaeleza sababu.

Mwandishi alimuuliza kama Dorsey anajua. Gari lilipovuka daraja la pili, Marlys naye akauliza lake.

“Gazeti lako linatoka lini?”

“Jumapili.”

“Na utaliandika hili.”

“Ukikataa, sitaliandika.”

Aliigeuza chupa magotini. “Andika. Jina lote. Lakini Dorsey asije akalisomea huko gazetini. Nishushe pale kwenye matairi.”

Ni saa nane mchana. Nyuma ya duka kuna mlango wa kijani, na pembeni yake ndoo yenye mche mmoja wa nyanya. Majani yake hayana majivu hata chembe. Mtu ameyapuliza, na kwa jinsi yalivyo, amepuliza kwa mdomo.

Marlys anagonga.

“Nani?”

“Mimi.”

“Mimi ndiyo nani?”

“Dorsey, usinifanyie hivyo.”

Mlango unafunguka. Mzee ni mrefu, amevaa suruali ya kazi iliyopigwa pasi, miwani imening’inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Anamtazama Marlys kuanzia juu mpaka viatu.

“Miaka mitatu unapita hapo nje na pikapu yako, shingo umeigeuzia upande wa pili kama umelalia mto vibaya,” anasema. “Leo imekuwaje, shingo imepona?”

Marlys hacheki. Anabaki amesimama mlangoni, chupa mkononi, na anayasema yote kwa pumzi moja: homa ya Juni, chumvi ya kila asubuhi, kidole, ukuta. “Nilikudanganya. Sikuonja kitu siku ile. Nilikudanganya mezani pako.”

Dorsey anaishika miwani kifuani, anaifuta kwa ncha ya shati.

“Najua,” anasema.

“Nani kakwambia?”

“Wewe.”

“Mimi? Lini?”

“Siku hiyohiyo. Maziwa yale yalikuwa yamechacha, Marlys. Siku tano bila friji! Mimi nilipiga funda moja nikalitemea dirishani ulipogeuka kutundika koti. Nikasema, ngoja nimuone huyu. Ukanywa. Kikombe cha kwanza nikasema, mwanamke huyu ana adabu kuliko nilivyodhani.” Anavaa miwani. “Ukaomba cha pili.”

Marlys anaingia, anakaa kitandani bila kukaribishwa. Hakuna kiti kingine.

“Na bado ukaniletea kijiko.”

“Nikakuletea.”

“Ukijua.”

“Nikijua.”

“Kwa nini, Dorsey?”

Dukani mbele mtu anajaza tairi upepo. Mzee anangoja mashine inyamaze.

“Usiku ule niliuona moshi upande wa Dobbin Flat,” anasema. “Mweusi. Mti hautoi moshi mweusi vile, mimi na wewe tunajua. Nikaenda kulala nikijiambia sikuuona. Asubuhi ukaja. Nilikuwa na miaka sabini na mitatu, Marlys, sikutaka kukata na kuzika hata shina moja. Nilitaka mtu aniambie mti. Na nilikujua. Nilijua hutasema hujui, hata nikikuwekea kisu shingoni.”

“Ndiyo maana ukawaambia watu ni upepo.”

“Ningewaambia nini? Kwamba nilimtega mama wa watu kwa ulimi wake mwenyewe?”

Hapo Marlys anakasirika, na hasira yake si ya chini chini. Anampiga mzee bega kwa kiganja, mara mbili. “Miaka mitatu! Sijala nikashiba! Nimekunyima salamu, mazishi ya kaka yako sikuja, nimekaa viti vya nyuma kanisani kama mwizi, na wewe umekaa hapa unajua! Mzee mjinga wewe!”

“Mlango huu haujawahi kufungwa kwa ufunguo,” anasema Dorsey. “Njia unaijua. Na mimi yako naijua. Sasa hesabu wajinga ni wangapi.”

Hakuna anayecheka. Dorsey anakaa upande wa pili wa kitanda, na wote wawili wanatazama ukuta mmoja, ambao juu yake kuna picha ya matuta manne yakiwa mabichi, iliyotiwa kwenye fremu.

“Thelathini na manane,” anasema mzee polepole. “Ungesema hujui, ningeogopa. Ningekata ya juu, ya chini ningeyaacha. Thelathini na manane yangenitosha. Yangenitosha kabisa, Marlys. Ningekuwa bado niko juu.”

“Najua.”

“Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi mno.”

“Na mimi.”

Mwandishi huyu amekaa korongoni miaka mingi, ameandika habari za nyumba zilizoungua na watu waliokimbia na nguo walizovaa. Hajawahi kuona hasara iliyomuuma kuliko hiyo. Moto haukuyafikia matuta yale. Yalipotelea mezani, kati ya watu wawili waliopendana kama ndugu, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme ukweli.

Dorsey ndiye anayeiona chupa. “Ya wapi hayo?”

“Ya kwako. Ya Eusebio, yaani. Tuta la juu.”

Mzee anaichukua, anaiinua kwenye mwanga wa dirisha, anaitikisa. Mwandishi anadhani ataifungua. Haifungui.

“Ananikatia vichipukizi vya chini huyo? Nilimwambia akate vya chini.”

“Anakata.”

“Na plastiki?”

“Kafunika matuta mawili. Lile la tatu plastiki ilichanika.”

“Mjinga. Kuna plastiki nyingine nyuma ya tangi, chini ya mbao. Hata haijui.” Anamrudishia chupa. “Maabara wanafunga saa kumi. Majibu lini?”

“Ijumaa.”

“Ijumaa njoo unichukue. Yakiwa ya mti, nitasimama kwenye pipa la tatu, mimi siwezi tena kuinama kwenye la kwanza. Yakiwa ya nyumba nitakuja kukata. Mtu asimwache Eusebio akate peke yake. Kukata kuna namna yake.”

Marlys anaitikia kwa kichwa. Tangu auze, Dorsey hajapanda korongo hata siku moja.

Kisha anamweleza mzee mpango wake, ambao ameubeba misimu miwili bila kupata wa kumwambia. Kuna mashine ya kupima madini, ya kushika mkononi, unailenga kwenye jani inakupa jibu papo hapo. Bei yake ni ya gari lililotumika. Anataka mashamba ya korongo yachangie, ikae kwenye ukumbi wa zimamoto, atakayeihitaji aichukue bure. Yeye ataweka ujira wake wa msimu huu, kadiri utakavyokuwa. Anataka pia asimame mbele ya watu wote, hapo ukumbini, awaeleze kwa nini wasimwamini tena mtu anayelamba kijiko.

“Watakucheka,” anasema Dorsey.

“Wacheke.”

“Watanicheka na mimi.”

“Wewe utakaa mstari wa mbele.”

Mzee anaguna, na safari hii mdomo unamwendea pembeni. Ananyanyuka, anawasha jiko, anaweka birika. Anafungua friji ndogo iliyo chini ya dirisha, anatoa maziwa, anayasogeza puani. Anakunja uso, anasogeza tena, hana hakika. Anampa Marlys.

“Hebu. Mazima au yamechacha?”

Ulimi wa Marlys umerudi nusu. Chumvi anaipata, sukari anaipata, pilipili pia. Vingine bado. Ananusa. Anamimina tone kiganjani, analilamba, anafumba macho, anangoja kama alivyozoea kungoja. Birika linaanza kuvuma. Anafumbua macho na kumtazama mzee usoni.

“Sijui,” anasema.

Dorsey anayapokea maziwa, anayamwaga kwenye sinki, anafungulia bomba.

“Basi tunywe nyeusi.”